Butura imo ndani ya jumuiya zetu

Mimi ni mzee wa usharika katika Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, na kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nilikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Nimekaa karibu na madhabahu na nimekaa karibu na mizani, na watu niliowaona pande zote mbili ni walewale. Kwa hiyo naomba niseme wazi jambo ambalo kwetu husemwa kwa kunong'ona. Wakristo wa Kagera tunanunuliana kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kumdhulumu mwenye shida, kisha Jumapili tunakaribia pamoja Meza ya Bwana. Kweli tunayoihubiri haitaaminika mpaka jambo hili liishe kati yetu, na wa kulimaliza ni sisi wenyewe.

Kwa msomaji wa Tanga au Kigoma asiyejua butura ni nini, nieleze. Kahawa ya kwetu, nyingi ikiwa robusta, imepandwa katikati ya migomba ndani ya kibanja kimoja. Huanza kuiva kama mwezi wa Mei na kuendelea kuchumwa hadi Oktoba hivi. Lakini shida za mwanadamu hazingoji Mei. Januari shule zinafunguliwa, Februari mtoto anaugua, Machi kuna msiba na wageni wanataka kula. Hapo mwenye fedha humwendea mwenye kibanja, au mwenye kibanja humfuata mwenye fedha jioni watu wakiwa wameingia ndani, na wanapatana: nipe fedha leo, ikiiva ni yako. Bei anaipanga mwenye fedha. Mizani haihitajiki kwa kuwa hakuna cha kupima. Punje bado ni za kijani, na kuna miaka ambayo biashara hiyo imefanyika mti ukiwa na maua tu. Hiyo ndiyo butura.

Tufanye hesabu ya mfano. Mama anahitaji shilingi 100,000 mwezi wa Januari. Anapewa kwa bei ya shilingi 1,000 kwa kilo, maana yake anadaiwa kilo 100 za kahawa ya maganda, iliyokauka. Msimu unafunguliwa na bei inatoka shilingi 3,000. Kilo zake 100 zina thamani ya shilingi 300,000, na zote zinakwenda kwa aliyemkopesha. Amelipa mara tatu kwa mkopo wa miezi mitano au sita. Hakuna benki nchini inayoweza kutoza riba ya namna hiyo na ikaachwa. Na bei inavyozidi kupanda, ndivyo kidonda kinavyozidi kuwa kikubwa. Mwaka 2024 robusta katika soko la London ilivuka dola 5,000 kwa tani, bei ambayo wazee wengi wa kwetu hawakutarajia kuiona katika uhai wao. Mwaka kama huo ungepaswa kuwa mwaka wa mkulima kubadili bati la nyumba yake. Kwa aliyekuwa ameuza butura, ulikuwa mwaka wa kumpa mwenzake bati.

Sasa niseme linaloniumiza zaidi. Wanunuzi wa butura si watu wa kutoka mbali. Wafanyabiashara wakubwa wa mjini wapo, ndiyo, lakini mkono unaofika mlangoni ni wa jirani, na mara nyingi jirani huyo ni mwana jumuiya.

Jumuiya zetu hukutana nyumba kwa nyumba katikati ya juma. Tunaimba, tunasoma Neno, tunatoa maombi. Katika mkutano mmoja wa mwanzo wa mwaka, mama mjane alisimama akasema mtoto wake amechaguliwa kwenda kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Ada ya shule za serikali iliondolewa tangu Januari 2016, lakini mtoto hawezi kwenda bweni bila godoro, sare, ndoo, madaftari na nauli. Aliomba tumwombee. Tukamwombea kwa nguvu, wengine wakilia. Tulipokuwa tunatawanyika, nilimsikia ndugu mmoja, mtu mwenye kushuhudia vizuri kuliko wengi wetu, akimwambia kwenye kona ya nyumba: "Ma, lile ulilosema, Mungu amekwisha kulifungulia njia. Kahawa yako imezaa vipi mwaka huu?"

Mama akajibu, "Imezaa, Ta. Namshukuru Mungu."

Siku tatu baadaye godoro lilikuwa limenunuliwa. Kwenye mkutano uliofuata yule mama alitoa shukrani kwamba Bwana amejibu maombi, na tukaitikia Amina. Mwezi wa Julai kahawa yake ililetwa kwenye mizani na vijana wa yule ndugu, ikaandikwa kwa jina la yule ndugu. Mama alikuwa amefuatana nayo. Alisimama nje ya ghala akitazama magunia yake yakipandishwa mizanini, akihesabu kwa midomo. Hakuwa na neno la kusema kwa sababu alikuwa amekubali.

Yule ndugu hakuiba. Hakudanganya. Alitoa fedha yake wakati hakuna mwingine aliyetoa, na hilo lazima tulitie maanani, maana sisi tuliobaki tuliishia kuomba. Lakini alisikia hitaji la dada yake katika maombi, na akalipokea kama mfanyabiashara anavyopokea habari ya soko. Mahali tulipopaswa kubebeana mizigo pamekuwa mahali pa kujua nani amebanwa kiasi gani. Nikiwaza hili, naelewa kwa nini siku hizi watu wengi katika jumuiya wanaomba maombi ya jumla tu: amani, afya, safari njema. Wamejifunza kuficha shida zao mbele za ndugu.

Fedha hiyo baadaye inarudi kanisani. Wasomaji wa Kilutheri wanaujua mnada wetu baada ya ibada. Waumini wasio na fedha taslimu huleta sadaka ya mkungu wa ndizi, jogoo, maharage, mayai, na nje ya kanisa vinanadiwa. Ni desturi nzuri, nami naipenda, kwa kuwa maskini hatoki mikono mitupu. Lakini nimeona jogoo wa mjane akinunuliwa kwa bei ya mbuzi, watu wakipiga vigelegele, mnunuzi akitajwa jina mara tatu, na fedha aliyomnunulia ilitoka katika kahawa ya mjane huyohuyo. Tunaandika mapato ya mnada kwenye daftari la usharika, tunanunua vigae vya sakafu, na hakuna anayeuliza njia ambayo fedha ile ilipita.

Nikirudi kwenye mizani, butura ndiyo dhuluma kubwa lakini ina watoto wake. Mtu akiisha kuzoea kununua kahawa isiyopimwa, hata akija kupima hupima vibaya. Wanunuzi wa vichochoroni wana mizani ya kuning'iniza ambayo haijawahi kuonwa na Wakala wa Vipimo. Mshale hauanzi kwenye sifuri. Goti linasogea chini ya gunia. Gunia tupu lenye uzito usiofika kilo moja linakatwa kilo mbili. Kilo 48 na nusu inakuwa 48, na zile nusu za siku nzima zinajaza gunia jioni. Kuna "sampuli": kiganja cha kahawa kinachochotwa kwa kila mkulima eti kuangalia ukavu, kinatupwa kwenye debe pembeni, na debe hilo halirudi kwa mtu. Ni mambo madogo madogo, na wanaoyafanya wengi wamebatizwa.

Karani aliyenifundisha kazi alikuwa mlokole wa zamani, mtu mkimya. Hakunihubiria hata siku moja. Alikuwa na kanuni moja: haandiki uzito mpaka mwenye kahawa amesoma mshale mwenyewe. Kama hajui kusoma, humwita mtoto wake, na kama hakuja na mtoto, humwita mkulima mwingine aliye kwenye foleni. Foleni ilikuwa ndefu kwa sababu hiyo, na viongozi wa chama walimgombeza kwamba anachelewesha kazi. Yeye aliendelea. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua wakati watu wote wanamwamini, alinijibu kwamba mtu hapaswi kulazimika kumwamini karani, anapaswa kuona. Katika jibu hilo nilipata mafundisho mengi juu ya nuru kuliko niliyopata katika semina nyingi. Wakulima walitembea kutoka vijiji vya mbali kuja kwenye mizani yake, na wapo waliookoka kwa kumtazama akipima.

Yule mzee alikuwa tunda la historia ambayo sisi watu wa Kagera tunajivunia bila kuifuata. Uamsho wa Afrika Mashariki ulianza miaka ya 1930 Gahini, Rwanda, kwenye hospitali ya misioni, kwa watu kama Blasio Kigozi, aliyefariki mwaka 1936 akiwa bado kijana, na ndugu yake Simeoni Nsibambi wa Kampala pamoja na daktari Joe Church. Ukapita Uganda, ukaingia kwetu kupitia Katoke na Bukoba, ukafika Kenya. Leo tunaukumbuka kwa nyimbo na mikutano mikubwa. Lakini watu wa wakati ule walioutazama kwa mashaka walishtushwa na jambo jingine: walokole walirudisha vitu. Mtu aliokoka usiku, asubuhi akaenda kwa aliyemwibia na jembe mkononi. Watumishi walirudisha kwa mabwana zao sukari, vifaa na fedha walizochukua. Watu walilipa madeni ambayo mdai mwenyewe alikuwa ameyasahau. Walisema huko ndiko kutembea nuruni, na hawakumhesabu mtu kuwa ametubu wakati mali ya mwenzake ingali nyumbani mwake.

Wapo waliocheka kwamba dini ya kurudisha majembe ni dini ya mambo madogo. Lakini tazama ilikofika. Janani Luwum aliokoka katika uamsho huo mwaka 1948. Alipokuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin kupinga mauaji, na Februari 1977 akauawa. Naamini kabisa kwamba ulimi uliozoea kusema kweli kuhusu jembe ndio ulioweza kusema kweli mbele ya dikteta. Ujasiri wa namna ile haupatikani siku ya hatari. Unajengwa katika siku za kawaida, na kwetu sisi siku ya kawaida ni siku ya kahawa.

Mkoa huu umepewa mengi. Ulimtoa Laurean Rugambwa, aliyefanywa kadinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi mwaka 1960. Ulimtoa Askofu Josiah Kibira, aliyechaguliwa jijini Dar es Salaam mwaka 1977 kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani. Hata kabla ya misionari yeyote kufika, babu zetu waliipa kahawa heshima ambayo sisi tumeipoteza: ilikuwa ya kumpokelea mgeni, ikatafunwa kwa pamoja, na katika agano la undugu wa damu ndiyo iliyoliwa. Tunda lililofunga undugu kwa watu ambao hawakuwahi kusikia Injili, sisi tuliosikia tunalitumia kumfunga ndugu.

Kila ninapozungumza haya mbele ya wazee wenzangu nawaomba tusome sura ya tano ya Nehemia. Watu walikuwa katikati ya kujenga ukuta wa Yerusalemu, kazi takatifu kuliko ukarabati wowote wa kanisa. Ndipo kilio kikazuka, na hakikuwa dhidi ya adui wa nje. Maskini walisema wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine wamekopa kulipa kodi ya mfalme. Watoto wao wameingia utumwani. Na waliowakopesha ni Wayahudi wenzao. Hiyo ni butura kabisa, iliyofanyika zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, ndani ya watu wa Mungu, wakati mradi wa ujenzi unaendelea.

Nehemia hakusema tumalize ukuta kwanza. Aliita mkutano mkubwa akawakemea wakuu waziwazi. Hakujiweka kando: alitaja kwamba yeye na ndugu zake nao wamekopesha watu. Akadai mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba virudishwe siku ileile, pamoja na riba. Walipokubali, hakutosheka na maneno. Aliwaita makuhani akawaapisha. Nawaomba wachungaji na mapadre wetu waangalie hapo. Makuhani waliitwa kushuhudia marejesho ya mali, tena hadharani, na kazi hiyo haikuonekana kuwa nje ya huduma yao.

Najua majibu ninayopewa. La kwanza ni kwamba walipatana kwa hiari. Nimekwisha kuona hiari hiyo. Mtu mwenye mgonjwa ndani ya nyumba haombi bei, anaomba fedha. Torati yenyewe ilijua hivyo, ndiyo maana ilikataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, na ikaamuru vazi la maskini lirudishwe kabla jua halijatua. Sheria ile haikuuliza kama maskini alikubali kulitoa. Ilitazama atalala na nini.

La pili ni kwamba mnunuzi naye anabeba hatari: bei inaweza kushuka, kahawa inaweza kuibwa usiku. Ni kweli kahawa huibwa, na ni kweli bei imewahi kuanguka vibaya. Lakini mapatano mengi ya butura huwekwa kwa kilo au kwa magunia. Mvua ikikosekana na miti ikazaa kidogo, deni halipungui. Linahamia msimu ujao, na mara nyingi linahamia likiwa limeongezeka. Hatari imebaki kwa mwenye kibanja. Nawajua watu waliokopa mara moja wakaishi misimu kadhaa wakipalilia kahawa isiyokuwa yao.

La tatu ni kwamba hiyo ni kazi ya serikali. Viongozi wa mkoa na wilaya wameipiga marufuku butura tena na tena, kama wenzao wa kusini walivyopambana na kangomba, ulanguzi wa korosho. Wamekamata magunia, wametisha, na wamefanya vema kukataa dhuluma. Lakini ninachokiona ni kwamba marufuku huihamishia biashara hiyo usiku, na bei ya usiku ni mbaya kuliko ya mchana. Polisi anaweza kukamata gunia. Hawezi kununua godoro la mtoto mwezi wa Januari. Hitaji likibaki pale pale, butura itabaki pale pale, hata tukibadilisha wakuu wa wilaya kila mwaka.

Nisiwaache wakulima wenzangu. Wapo wanaouza kahawa ileile kwa watu wawili. Wapo wanaotia mawe na udongo kwenye gunia, wanaochuma mbichi na kuianika chini kwenye vumbi, wanaoleta kahawa yenye maji ili izidi uzito. Na lipo jambo la ndani ya nyumba ambalo naomba akina baba walisikie. Mwanamke ndiye anayepalilia, anayechuma, anayeanika na kuanua mvua ikitisha. Mume anauza butura kimya kimya, fedha inaishia kwenye rubisi au kwenye mchango wa sherehe ya kujionyesha, na mke anakuja kujua siku vijana wa watu wanapoingia kibanjani na magunia. Baba huyo anaweza kuwa anaongoza sala ya jioni nyumbani kwake kila siku. Sala hiyo inamfikia mkewe kama nini? Kweli ya Mungu kwake ingeanza kwa kumwambia mkewe: nimechukua fedha kwa fulani, kiasi hiki, kwa miti hii.

Basi tufanye nini? Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kwanza, kila usharika na kila parokia iwe na mfuko wa Januari. Sadaka za mavuno na mapato ya minada kati ya Julai na Oktoba, wakati watu wana fedha, zitengwe sehemu isiyoguswa kwa ujenzi wala kwa magari. Mwezi wa Desemba jumuiya ziulizane nani ana mtoto wa kidato cha kwanza, nani ana mgonjwa, nani amefiwa. Mkopo utolewe bila riba, urudishwe kwa fedha iliyokopwa na si kwa kilo, siku kahawa inapolipwa kwenye chama. Vikundi vya VICOBA vimetuonyesha kwamba watu wa kawaida wanaweza kutunza fedha na kurudishiana. Usharika unaoweza kuezeka kanisa unaweza kukopesha magodoro.

Pili, waliokwisha kununua butura ya msimu ujao wairudie. Wamwendee mwenye kibanja wamwambie: nirudishie nilichokupa ukivuna, kahawa ni yako. Na wenye butura za nyuma wakae chini wapige hesabu, kisha warudishe kilichozidi. Najua ni neno gumu. Lakini kama mtu ameshindwa kurudisha shilingi kwa jirani anayemwona, sijui tunamaanisha nini tunapoimba kwamba ametoa maisha yake yote.

Tatu, viongozi wa kanisa waitaje butura kwa jina lake: katika mafundisho ya kipaimara, katika maandalizi ya Meza ya Bwana, katika kitubio kwa ndugu zetu Wakatoliki. Tumekuwa wepesi kumtenga binti aliyepata mimba kabla ya ndoa. Sijawahi kuona mtu akiwekwa chini ya nidhamu ya kanisa kwa sababu ya butura. Bwana wetu alifundisha kwamba anayekumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake aiache sadaka yake madhabahuni akapatane naye kwanza. Basi tuwe tayari kumwambia mtoaji mkubwa kwa upole: iache kwanza, nenda kwa yule mama, kisha urudi. Usharika utakaothubutu hivyo utapoteza vigae kadhaa. Utawapata watu waliokwisha kuacha kuja.

Nne, sisi tulio kwenye vyama vya msingi tukumbuke kwamba butura ilinenepa pale vyama vilipochelewesha malipo na wakulima wakakosa imani. Kiongozi wa chama aliye Mkristo ana mahali pake pa ushuhuda, na si lazima ashike kipaza sauti. Mizani ihakikiwe kila mwaka na Wakala wa Vipimo. Mshale uwe kwenye sifuri kabla ya kila mkulima. Mwenye kahawa asome mwenyewe. Sampuli irudi kwenye gunia. Stakabadhi iandikwe jina la mwenye kibanja, na pale kibanja kinapolimwa na mume na mke, wote wawili wajue kilichoandikwa. Malipo yakichelewa, wakulima waelezwe sababu kabla hawajauliza.

Kuna mchungaji mmoja aliyeniambia kwamba nikisisitiza mambo haya nitageuza Injili kuwa hesabu. Nilimjibu kwa kumkumbusha Zakayo. Hakuna mtu katika Injili aliyepiga hesabu ya toba yake waziwazi kama yule mtoza ushuru: nusu ya mali kwa maskini, na kwa aliyedhulumiwa, mara nne. Baada ya kuyasema hayo ndipo Yesu alipotangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba ile. Neema ilikuwa imekwisha kumfikia juu ya mti. Hesabu ilikuwa namna neema ile ilivyoshuka ikaingia mjini, ikafika kwenye milango ya watu ambao huenda hawakuwa hata kwenye msafara siku hiyo. Kwa wale waliolipwa mara nne, habari njema ilifika ikiwa fedha mkononi, na sidhani kama kuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Ndugu yangu unayeshika daftari la butura, nakuandikia wewe kwa upendo, kwa sababu tunakaa benchi moja. Wewe si adui wa usharika huu. Ulikuwa na fedha wakati sisi hatukuwa nayo, na unajua kuliko mchungaji wetu nyumba ipi ina njaa. Maarifa hayo na fedha hiyo vinaweza kuwa huduma kubwa kuliko zote tulizo nazo. Msimu haujafunguliwa. Una muda wa kuzipita nyumba zote zilizomo katika daftari lako na kumwambia kila mmoja kwamba kahawa yake ni yake. Ukihitaji mtu wa kufuatana naye, niko tayari, na mizani ya kupimia kwa haki siku ya malipo ninaijua ilipo.